Kabla ya kuchagua mikrokontrola, mchunguze anayeitengeneza

Vijana wanaoanza elektroniki huniuliza swali lilelile kuhusu mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja: "Kaka, nianze na mikrokontrola ipi?" Kabla sijajibu wanakuwa wameshaanza kunitajia namba. Hii ina megahezi 240, ile 133, hii kumbukumbu yake ni kubwa kuliko ya ile. Nami huwajibu: "Mdogo wangu, hizo namba ziweke pembeni kwanza. Hebu niambie, kampuni inayoitengeneza inamjali vipi mtu anayenunua chipu moja?"

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Kazi zetu sisi watundu wa mezani, za kuwasha pampu, kupima joto au kusoma kiwango cha maji kwenye tangi, ni mara chache zikwame kwa sababu chipu ni ya polepole. Hukwama usiku, mtu yuko peke yake, pini moja, yaani mguu wa chipu, inakataa kushuka hadi volti sifuri, na hajui amuulize nani. Mhandisi wa kiwanda kinachonunua chipu laki moja hupiga simu, na kampuni humtuma mtaalamu. Mimi na wewe hatuna simu hiyo. Tulicho nacho ni kile tu ambacho kampuni imeamua kukiweka wazi kwa kila mtu.

Basi anza na datashiti, kitabu cha kampuni kinachoeleza chipu inavyofanya kazi. Niliwahi kuvutiwa na chipu moja ya redio, ndogo, isiyokula umeme, ya bei nzuri. Nilipotafuta datashiti yake nikakuta kurasa mbili za kuisifu. Iliyobaki nilitakiwa kuiomba kwa fomu: jina la kampuni yako, barua pepe ya kazini, idadi ya chipu utakazonunua kwa mwaka, kisha saini mkataba wa kutunza siri. Mimi nilihitaji chipu mbili. Niliachana nayo hapohapo, na tangu siku hiyo nikijazishwa fomu ili nisome datashiti huwa nahesabu kwamba nimeshajibiwa.

Sasa fungua datashiti ya RP2040, chipu ya Raspberry Pi iliyotoka Januari 2021 ikiwa ndani ya bodi ya Pico iliyouzwa dola 4. Ni zaidi ya kurasa 600, huombwi jina wala barua pepe. Kinachonigusa zaidi si wingi wa kurasa, ni namna zilivyoandikwa. Ukifika sehemu ya PIO, zile mashine ndogo nane zinazoendesha pini bila kuisumbua prosesa, unaoneshwa rejista, vile visanduku vidogo vya ndani vya kuiongozea chipu, halafu unaoneshwa programu fupi inayofanya kazi kweli, na mstari kwa mstari unaelezwa kwa nini imeandikwa hivyo. Aliyeiandika alimfikiria msomaji asiye na mwalimu pembeni. Pamoja nayo kuna kitabu kingine cha jinsi ya kubuni bodi yako mwenyewe kwa chipu hiyo, chenye mafaili ya KiCad, programu ya kuchorea saketi: chipu, kumbukumbu ya nje, kristali ya megahezi 12, kapasita na regyuleta ya kutuliza volti. Unachukua mchoro huo, unabadilisha unachotaka, unaupeleka kutengenezwa. Mimi nauita huo ndio msaada wa kweli, kwa sababu unamtoa mtu kwenye kununua bodi za wengine na kumfikisha kwenye kutengeneza yake.

Kuna jambo jingine dogo kwenye bodi hiyohiyo ambalo nawaambia wanaoanza walitazame kwa makini. Ukiwa umebonyeza kitufe cha BOOTSEL ukachomeka waya wa USB, Pico inajitokeza kwenye kompyuta kama flashi. Unaburuta faili la programu, unaliachia, kazi imekwisha. Programu inayofanya hivyo imechongwa ndani ya chipu na haifutiki, hivyo hata uandike msimbo mbovu kiasi gani, bodi itarudi. Mtu anayejifunza anahitaji sana uhakika huo kwamba hawezi kuiua bodi kwa kukosea msimbo, maana ndio unaompa ujasiri wa kujaribu.

Wenye umri wangu wanajua hali haikuwa hivi. Zamani mikrokontrola nyingi zilizoweza kufutwa zilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni, na ukitaka kufuta programu uliiweka chini ya taa ya miale ya urujuanimno ukasubiri. Microchip ilipotoa PIC16C84 mwaka 1993, yenye kumbukumbu inayofutwa kwa umeme, watu wa nyumbani waliikimbilia. Nusu ya pili ya miaka ya 1990 Atmel ikaleta AVR, iliyobuniwa na Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan walipokuwa wanafunzi mjini Trondheim, Norwei. AVR ilikuwa na kumbukumbu ya flashi ndani yake, na iliweza kuingiziwa programu ikiwa imeshafungwa kwenye saketi, kwa nyaya chache tu zilizounganishwa kwenye tundu la printa la kompyuta. Atmel iliweka wazi maelezo ya jinsi ya kuingiza programu hiyo. Wapenzi wa programu huria wakaichukua, wakaileta kwenye kompaila ya GCC, inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu, na wengine wakaandika avrdude ya kuingizia programu.

Arduino, bodi rahisi ya wanaoanza, ilipozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ilisimama juu ya kazi hiyo yote. Watu husema Arduino ilifungua mlango, nami nakubali. Lakini chipu iliyokuwa ndani ya bodi zile za kwanza, ATmega8, tayari ilikuwa na vifaa vya bure vya kuiandikia programu. Na kitu kimoja ambacho sitachoka kukisifu: ile ATmega328P ya Arduino Uno bado inatengenezwa kwa umbo la miguu 28 mirefu inayoingia kwenye bredibodi, ubao wa kuunganishia saketi bila kulehemu, hata baada ya Microchip kuinunua Atmel mwaka 2016. Viwanda vikubwa vimeshahamia kwenye chipu ndogo zisizo na miguu inayoonekana, ambazo huwezi kuzilehemu kwa mkono unaotetemeka. Kuendelea kutengeneza umbo la zamani ni kumkumbuka mtu mdogo.

Texas Instruments nao walifanya jambo zuri mwaka 2010. Walitoa LaunchPad, bodi ya kujifunzia mikrokontrola yao ya MSP430, kwa dola 4.30, na ndani ya boksi kulikuwa na bodi, waya wa USB na chipu mbili za miguu mirefu. Bodi ina soketi, kwa hiyo unaweka chipu, unaingiza programu, unaichomoa unaipeleka kwenye saketi yako. Hapo kabla, kifaa rasmi cha kuingizia programu na kutafutia hitilafu kiliweza kugharimu mara nyingi ya bei ya chipu yenyewe. STMicroelectronics walikuwa na wazo kama hilo kwenye bodi zao za Discovery: kifaa cha ST-LINK kimo ndani ya bodi, na unaweza kukitumia kuingizia programu kwenye chipu iliyo kwenye bodi nyingine.

Halafu kuna hadithi ya ESP8266, ambayo naipenda kuliko zote kwa sababu kampuni haikuianzisha. Espressif ya Shanghai iliitengeneza chipu hiyo ya Wi-Fi, na mwaka 2014 ikaanza kuonekana ndani ya moduli ndogo za bei ya chini mno zilizotengenezwa na Ai-Thinker. Maelezo yalikuwa ya Kichina. Watu wasiojua Kichina walizinunua hivyohivyo, wakakaa wakatafsiri maelezo, wakajaribu amri moja baada ya nyingine, wakaandikiana walichokiona. Waligundua kwamba kile kilichouzwa kama kifaa cha kuipa mikrokontrola nyingine Wi-Fi kilikuwa mikrokontrola kamili chenyewe.

Kampuni nyingine ingeweza kunyamaza, au kuona kwamba inaingiliwa. Espressif ilitoa vifaa vya kuandikia programu, watu wa nje wakaiunganisha chipu na Arduino, na baadaye kampuni ikawaajiri baadhi ya waliotoka kwenye jumuiya hiyohiyo. ESP32 ilipofika mwaka 2016, mfumo wake wa programu, ESP-IDF, uliwekwa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na kuushughulikia pamoja, kwa leseni huria. Mtu yeyote anaweza kuusoma, kuripoti kasoro, na kuona ripoti yake inajibiwa au inaachwa. Jizoeze kwenda huko kabla ya kununua. Angalia ripoti za miezi ya karibuni: zinajibiwa na wafanyakazi wa kampuni, au zimerundikana bila neno? Nusu saa ya kusoma hapo itakufundisha zaidi ya video kumi za kufungua boksi.

Michoro ya saketi nayo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Nilikuwa natengeneza kipimo cha maji ya tangi kinachotumia betri, kwa ESP32. Datashiti inasema chipu ikiwa kwenye usingizi mzito, saa ya ndani pekee ikiwa macho, inakula takriban mikroampea 10. Nilipoweka mita, bodi yangu ilikuwa inakula miliampea kadhaa, yaani mamia ya mara zaidi. Betri isingemaliza mwezi. Nikafungua mchoro wa bodi ya mfano ambao Espressif wenyewe wameuchapisha, nikaufuata waya kwa waya nikiwa na bodi yangu mkononi. Walaji wakaonekana: regyuleta ya kawaida isiyolala kamwe, taa ndogo ya kuonesha umeme upo, na chipu ya kuunganisha USB. Prosesa ilikuwa imelala kama ilivyoahidiwa. Waliokuwa macho ni majirani zake. Nilichukua moduli tupu, nikaipa regyuleta isiyokula umeme ikiwa haina kazi, na mita ikashuka karibu kabisa na namba ya datashiti. Bila mchoro ule ningeilaumu chipu na kuitupa.

Ukitaka kuipima kampuni kwa kipimo kigumu zaidi, tafuta orodha ya kasoro za chipu yake. Kila chipu ina kasoro. Wanaoanza wakiiona orodha hiyo huogopa. Mimi nikiikosa ndipo ninapoogopa. Chukua RP2350, chipu ya Raspberry Pi iliyofuata RP2040, iliyotoka Agosti 2024. Haikupita muda mrefu watu wa nje wakagundua kwamba pini iliyowekwa kama ingizo, ikitegemea rezista ya ndani ya kuivuta chini, inaweza kunasa kwenye takriban volti 2.2 na kukataa kushuka. Kwa mtu mwenye kitufe tu kwenye bredibodi, hilo linaonekana kama uchawi: umeachia kitufe, programu bado inasoma kimebonyezwa. Kasoro hiyo iliingizwa kwenye datashiti kwa namba, E9, na dawa yake ikaandikwa: weka rezista ya nje ya kilo-ohmu 8.2 au chini ya hapo. Mwaka 2025 likaja toleo jipya la chipu, A4, lililoirekebisha. Kampuni hiyohiyo ilitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayevunja ulinzi wa siri ndani ya RP2350, baadaye ikaipandisha hadi 20,000, na waliofanikiwa walilipwa na mbinu zao zikachapishwa. Mimi huiamini zaidi kampuni inayoniambia mahali chipu yake inapovuja.

Uliza pia chipu itaendelea kutengenezwa hadi lini. Raspberry Pi wameahidi kuitengeneza RP2040 angalau hadi mwaka 2041. Microchip wana utaratibu wa kutoisitisha chipu maadamu wateja bado wanaihitaji. Unaweza kuona haikuhusu, lakini saa utakazotumia kujifunza chipu ni nyingi, na maktaba za programu utakazojiandikia zitakuwa mali yako.

Tusidanganyane kwamba kampuni hizi zinatoa sadaka. Kijana anayewasha taa yake ya kwanza leo ndiye mhandisi atakayechagua chipu ya bidhaa ya kiwanda kesho, na wao wanalijua hilo. Halinisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni msaada wa maonesho: mashindano yenye mabango makubwa, bodi za bure kwa wenye wafuasi wengi, huku kompaila ya bure imefungwa ili isiboreshe msimbo mpaka ulipie, na mifano ya programu ni ya miaka mingi nyuma na haikubali hata kujengwa. Kabla hujatoa pesa, pakua kompaila uone inafanya kazi kwenye kompyuta uliyo nayo, kisha jenga mfano mmoja wa kampuni. Mfano huo ukikataa kujengwa, jaribu wa pili. Hujanunua kitu bado na umeshajua mengi.

Upande wetu nao una kazi. Ukipata kasoro, usiandike "haifanyi kazi" ukaondoka. Andika toleo la chipu lililochapwa mgongoni mwake, toleo la vifaa vya programu, mchoro wa saketi, volti ulizopima na mahali ulipozipima, kisha punguza msimbo mpaka ibaki mistari michache ambayo bado inaonesha tatizo. E9 ilifika kwenye datashiti kwa sababu kuna watu walipima pini, wakaeleza walichokiona kwa namna ambayo mhandisi wa upande wa pili aliweza kuirudia mezani kwake. Ukikuta sentensi isiyoeleweka kwenye maelezo yaliyowekwa GitHub, irekebishe uitume. Marekebisho ya sentensi moja ni njia nzuri ya kuingia kwa mtu ambaye bado hajiamini kwenye msimbo, na mengi hupokelewa.