Kwa nini surua hairudi lakini mafua hurudi

Swali la kwa nini surua kwa kawaida humpata mtu mara moja tu, ilhali mafua humrudia mara kwa mara, linajibiwa na kumbukumbu ya kinga ya mwili pamoja na tabia ya virusi vyenyewe. Virusi vinapoingia kupitia njia ya hewa, hukutana kwanza na chembe nyeupe za damu ambazo humeza vitu vigeni bila kungoja kuvitambua kimoja kimoja. Kinga mahususi hufuata baada ya siku kadhaa: limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) chache zinazotambua virusi hivyo hujigawa kwa wingi, baadhi zikitengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa virusi, na nyingine zikiua seli zilizokwisha kuambukizwa. Ugonjwa ukiisha, nyingi kati ya limfosaiti hizo hufa, lakini chache hubaki zikiwa na kumbukumbu ya adui huyo kwa miaka mingi. Mwaka 1846, daktari Peter Panum aliona katika Visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Atlantiki, surua ilipozuka upya huko, kwamba wazee waliougua surua mwaka 1781 hawakuugua tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita.

Mafua, kwa upande wake, husababishwa na virusi vingi tofauti. Rinovirusi pekee zina aina zaidi ya 150, na kinga dhidi ya aina moja haisaidii sana dhidi ya nyingine. Hata hivyo, asiyewahi kuugua surua asiitafute ili apate kinga hiyo, kwa sababu virusi vyake (na hili hushangaza wengi) hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga dhidi ya magonjwa mengine, hasara ambayo chanjo haileti.