Barua kwa mwanangu aliyeko Tabora: jibu la swali lako kuhusu furaha

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako wa sauti ulinikuta mwaloni, pale ufukweni tunapouzia samaki, upepo unapiga na wachuuzi wanagombania bei, nikashika nusu tu. Usiku mdogo wako alipolala nikausikiliza vizuri. Unasema padre wenu kijana alihubiri kwamba Mkristo asiye na furaha anamtangaza Kristo asiyefufuka, na wewe ukatoka Misa ukaenda chumbani kulia. Unasema umehitimu ualimu, umeomba kila ajira inapotangazwa, jina halitoki, na sasa unafundisha kwa kujitolea, posho yenyewe haifiki mwisho wa mwezi. Halafu ukaniuliza: "Mama, kumbe nasali bure? Na wewe baba alipofariki, ulifurahije?"

Hilo si la kujibu kwa simu yenye salio la dakika chache. Ndiyo maana nimechukua daftari la mdogo wako nikachana kurasa za katikati, usimwambie.

Nianze na padre. Msamehe. Ni kijana, ana ari, na alichosema kina mzizi. Sisi tunaamini kaburi lilikutwa tupu, na mtu anayeamini hivyo hawezi kuishi kama aliyeambiwa yote yameisha. Ila nadhani siku hiyo aliruka Ijumaa Kuu. Siku akimzika mtu wa kwake, atahubiri habari hiyohiyo kwa sauti ya chini kidogo, na watu watamwelewa zaidi.

Wewe Biblia unayo, fungua. Yesu alifika kwenye kaburi la Lazaro akijua atamfufua, na bado akalia machozi. Hakuwaambia Martha na Mariamu wafute nyuso zao kwanza ndipo aendelee. Fungua na Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hayo ni maneno ya sala, mwanangu. Watu wa Mungu waliyaimba hekaluni, wakayaandika, wakaturithisha. Kilio chako cha chumbani hakiko nje ya sala. Na yule Paulo anayewaambia Wafilipi, "Furahini katika Bwana sikuzote," aliandika akiwa kifungoni, hajui atatoka au atauawa. Barua ileile inataja machozi yake mwenyewe, na rafiki aliyeugua karibu kufa, na namna Mungu alivyomhurumia asipate huzuni juu ya huzuni. Kumbe huzuni aliijua vizuri. Isome yote, ni fupi, usiishie kwenye ule mstari mmoja wanaouandika kwenye fulana.

Sasa la baba yako.

Sikufurahi. Nakwambia wewe ni mtu mzima sasa. Baada ya mazishi nilikuwa naingia kanisani nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, kwaya ikiimba mimi nimefunga mdomo. Nilikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, unakumbuka, watu wakadhani nimesusa. Hata Baba Yetu nilikuwa nafika kwenye "mapenzi yako yatimizwe" nanyamaza, napitia chini, naibukia kwenye "mkate wetu wa kila siku".

Nashukuru akina mama wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, hawakunihubiria. Walikuja. Mmoja alimenya muhogo, mwingine alifua mashuka ya wageni. Mmoja, ambaye mwaloni tulikuwa tunagombana naye kila siku kwa ajili ya wateja, alichukua dagaa wangu waliokuwa kwenye vichanja akawageuza, akawaanua mvua ilipotaka kunyesha, akawauza, akaniletea hela yote ndani ya khanga. Hakusema neno la Mungu hata moja. Nilipohesabu ile hela ndipo nilipolia kilio kingine, tofauti na cha msibani.

Halafu mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ya sala ya mtaani akanipa kazi. Nilitaka kumkatalia, kwa sababu nilijiona mimi ndiye wa kuhudumiwa. Ilikuwa kumpelekea uji na maji bibi mmoja asiyeona, kule mtaa wa juu. Kizee kile kilikuwa na maneno! Kilifiwa na mume zamani sana, na kila nikifika kinanisimulia alivyokuwa mlafi wa samaki mgebuka wa mawese, alivyoficha vipande viwili chini ya ugali ili wageni wasivione. Siku moja nikajishtukia nacheka, tena kwa sauti, nimeshika kikombe cha uji. Nikaogopa, kama nimemsaliti baba yako. Bibi akaniuliza, "Umenyamaza nini? Cheka, na wako alikuwa na vituko." Basi tukawa tunapokezana, wake na wangu, halafu tunasali fungu moja la rozari, ananisinzilia kwenye Salamu Maria ya tano au ya sita.

Hapo ndipo furaha iliponirudia, nadhani, ingawa siwezi kukutajia siku. Nilikuwa nimeacha kuitafuta, nina shughuli ya mtu mwingine mkononi. Furaha haiji kwa kuamriwa, kama vile dagaa hawapandi juu kwa sababu umewapigia kelele. Unawasha taa, unangoja gizani na wenzako.

Nikuambie na la mwaka 2024, maana wewe ulikuwa chuoni. Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana. Mimi nasema ilikuwa sahihi, ziwa lilikuwa limechoka na nyavu zetu. Lakini usahihi haujazi sufuria. Mwalo ulikuwa mtupu, vichanja vitupu, wenye mikopo ya vikoba wakawa wanapita njia za nyuma wasikutane na wenzao. Mimi niliuza mawese kidogo kidogo, nikasukuma siku.

Jumapili moja ya miezi hiyo matoleo yalikuwa ya kusikitisha kweli: mihogo, ndizi, sarafu. Mama mmoja ambaye mumewe ni mvuvi akaleta jogoo. Nadhani ndiye kuku pekee aliyebaki kwake. Sasa lile jogoo, lilipofikishwa mbele, likajichomoa kamba ya miguuni, likaruka hadi karibu na altare, likawika. Katekista akalifukuza, watumishi wa altare wakalifukuza, wakijikwaa kwenye kanzu zao, padre amesimama na sahani mkononi anajikaza. Akashindwa. Kanisa zima, watu ambao jana yake walikuwa wamelala na uji mtupu, tulicheka hadi machozi. Yule mama mwenye jogoo ndiye aliyecheka kuliko wote, na ndiye aliyeanzisha wimbo wa shukrani baadaye. Hakuwa anaigiza mbele ya mtu. Jioni alikuja kwangu kukopa unga.

Huyo ndiye namfikiria nikisikia watu wanasema furaha ya Kikristo. Alikuwa na njaa, akatoa, akacheka, akaomba unga, vyote siku moja.

Wapo watakaokuuzia furaha nyingine. Hapa jirani kuna spika zinazoanza alfajiri, "mgeukie jirani yako mwambie huu ni mwaka wako," na jirani mwenyewe hajalipwa mshahara. Siwacheki kwa kuimba kwao, wanaimba vizuri kutushinda, na wapo kati yao wanaompenda Mungu kuliko mimi. Ila ukifika mahali ukaambiwa upande mbegu ya laki moja ndipo jina lako litoke kwenye orodha ya ajira, inuka taratibu, aga kwa adabu, nenda zako. Mungu hana dirisha la namna hiyo.

Unanikumbusha na kaulimbiu mliyoiimba Jubilei ya mwaka 2025, ule mwaka mtakatifu wa Kanisa, Mahujaji wa Matumaini. Niliipenda, lakini kilichonigusa zaidi ni namna mwaka ule ulivyokwenda. Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu kule Vatikani usiku wa tarehe 24 Desemba 2024, akiwa mzee wa kubebwa kwenye kiti cha magurudumu, na tarehe 21 Aprili 2025, Jumatatu ya Pasaka, akafariki. Aliyeufunga mlango ni Papa Leo wa XIV, Januari 2026. Mzee aliufungua mwaka ambao hakuumaliza, na mwaka haukusimama. Nilipotangaziwa kifo chake nilikuwa naanika dagaa, nikakaa chini mchangani. Pasaka bado haijapoa! Jana yake tu alikuwa ametokea kwenye baraza akiwabariki watu. Kuna watu hutumainia mambo ambayo watayaona wengine, nao wanayaanza hivyohivyo.

Na kama unataka mtu wa ziwa letu, chukua Adrian Atiman. Wewe umesoma historia kuliko mimi. Alitekwa akiwa mtoto kule karibu na Timbuktu, akauzwa, Mapadre Weupe, wale wamisionari Wakatoliki, wakamkomboa Algeria, wakampeleka Malta akasomea udaktari. Mwaka 1889 akafika Karema, kusini huko kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mapadre hao walikuwa wamefika hapa Ujiji mwaka 1879, wakati huo bado ni mji wa biashara ya pembe na watumwa. Atiman alibaki Karema akitibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Mtoto aliyeuzwa kama mbuzi akawa daktari na katekista wa watu ambao hawakuwa wa kwao. Nikimfikiria sijiulizi alikuwa anatabasamu mara ngapi. Nafikiria wale waliofungwa vidonda.

Sasa wewe. Kwanza usiache kudai haki yako. Kusali hakukukatazi kufuatilia, kuuliza, kupeleka barua tena, hata kukasirika. Mungu hajakuagiza ujifanye huoni kwamba mwalimu aliyesoma anafundisha kwa posho. Mimi nakuombea jina litoke, nalitaja kila Jumatano mbele ya Sakramenti Takatifu, namwambia waziwazi. Ila tumaini letu haliwezi kuning'inia kwenye orodha moja ya serikali, kwa sababu orodha ikitoka bila jina, nalo lingekufa siku hiyohiyo. Umeshapita orodha kadhaa, na bado asubuhi unaamka kwenda kuwafundisha wale watoto kusoma. Nani anakuamsha? Nakuuliza kweli, usiipite.

Pili, umeniambia huna jumuiya huko. Hapo ndipo nilipokasirika kidogo. Unakwenda Misa kubwa Jumapili, unakaa katikati ya watu mia nne, hakuna anayejua kwamba umelia, halafu unashangaa kwa nini Misa haikufariji? Tafuta jumuiya ya mtaa wako. Najua utakuta ugomvi wa michango, na mama mmoja anayesali sala ndefu mpaka chai inapoa. Kaa. Waambie jina lako, waambie unafundisha kwa kujitolea na unapata shida. Usijipambe. Na ukipewa kazi, hata ya kufagia, ipokee.

Wala usijisikie uko ugenini sana. Kardinali Rugambwa, askofu wenu mkuu huko, alikuwa askofu wetu hapa Kigoma tangu mwaka 2008 mpaka alipoitwa Roma mwaka 2012. Kwa hiyo mtu akikuuliza umetoka wapi, mwambie umetoka alikotoka askofu wake!

Siku usiyoweza kuimba, usiimbe. Kaa pale, wenzako wataimba kwa niaba yako, na wewe utawaimbia wao siku yao ikifika. Mimi waliniimbia kwa muda mrefu.

Nimekutumia mzigo kwa treni. Kuna galoni ya mawese, nimeifunga na nailoni mbili lakini isimamishe wima, na kiroba cha dagaa. Dagaa wa juu ni wako, wale wa chini kwenye mfuko wa bluu mpelekee mwenyekiti wa jumuiya utakayoipata, mwambie mama yako wa Kibirizi anamsalimu. Ukimpata kabla ya Jumamosi nitumie ujumbe, niambie mnasali nyumba ya nani na saa ngapi.

Mama yako