Kabla hujatawanya nyutroni kwa kompyuta ya kwantamu, soma hii

Nilianza vibaya, wacha niseme tu. Niko kwa keja pale Kondele, laptopu ni ya RAM giga 4, nikajiambia naiga nyutroni ikigonga protoni na kutawanyika, laptopu ijifanye kompyuta ya kwantamu ya kyubiti 28 (yaani biti za kwantamu) moja kwa moja. Ikaganda, feni inalia kama posho mili, nikazima nikawasha, ikaganda tena. Ndio nikashika kalamu: kila kyubiti unayoongeza memori inakuwa mara mbili, 20 zinakula mega 16 tu lakini 28 ni giga 4 nzima, na Windows nayo inataka yake.

Anza na deuteroni bana, protoni moja na nyutroni moja zimeshikana. Hata watu wa maabara ya Oak Ridge kule Marekani ndiyo walitumia 2018, kwa mashine za kwantamu za kampuni za IBM na Rigetti kupitia klaudi. Uzuri wake jibu linajulikana, kuzitenganisha ni MeV 2.224 (MeV ni kipimo cha enaji), so zikishikana enaji yake ni -2.224. Mimi nikapata -1.749, nikakosa usingizi siku tatu natafuta kosa kwa kodi ya programu, nikageuza alama, nikafuta nikaandika upya, kumbe hakuna kosa! Kwa kyubiti 2 modeli yao inaishia hapo, ukiongeza ya tatu inashuka hadi -2.046, inasogea polepole. So kabla ulaumu kodi, chukua matriksi ndogo ya enaji ya hiyo modeli uipigie hesabu kwa karatasi, ya mbili kwa mbili ni dakika kumi hivi.

Kutawanyika sasa ndio kuna kazi, kwa sababu hutafuti enaji ya chini tu, unalisukuma wimbi la nyutroni mbele hatua kwa hatua na kila hatua ni mageti, yaani zile operesheni unazofanyia kyubiti. Hatua zikiwa kubwa jibu linapotoka, zikiwa ndogo mageti yanajaa, na yale ya kyubiti mbili kama CNOT ndiyo hukosea sana. Nilituma hatua 40 kwa mashine ya kweli, nikangoja foleni, stima ikapotea, nikanunua bando kurudi kuangalia, histogramu ya majibu imelala kama ziwa asubuhi, namba zote karibu sawa. Hiyo si fizikia, ni kelele. Siku hizi nahesabu CNOT baada ya kutranspaili, yaani programu ikishageuzwa iingie kwa mashine yenyewe, maana kyubiti zisizopakana zinaletewa swapu (kubadilishana nafasi) na kila swapu ni CNOT 3.

Halafu Qiskit, ile programu ya IBM ya kuandikia hizi kodi, huandika kyubiti namba 0 upande wa kulia. Mimi nilikuwa naona nyutroni yangu inarudi kinyumenyume, nikampigia rafiki yangu wa Maseno usiku kumwonyesha maajabu. Alicheka mpaka akakata simu.