Beetle 1600: presha ya oili inashuka injini ikipata moto

SWALI: Nina Volkswagen Beetle ya 1972, injini 1600. Imefunguliwa yote: krenki (shafti kuu ya injini) imechongwa milimita 0.50, beringi, pistoni na silinda ni mpya. Ikiwa baridi geji inasoma psi 50. Baada ya nusu saa barabarani, kwenye sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inabaki 4 na taa ya oili inawakawaka. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika haivuki 20. Fundi kaweka pampu mpya na oili 20W-50, nafuu ni ndogo. Tuanzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Kipimo cha kiwanda ni kama psi 42 kwenye mizunguko 2,500, oili SAE 30 ikiwa nyuzi 70. Chini ya 28 injini huhesabiwa imechoka. Kwa hiyo 20 si ya kuvumilia, ila kwanza hakikisha ni 20 kweli. Fungua swichi ya oili iliyo karibu na distribyuta, funga geji yenye bomba la mpira moja kwa moja, kisha pima injini ikiwa moto. Geji za umeme za dashibodi hudanganya sana.

Ikithibitika, chomoa pistoni ndogo ya kupunguzia presha, chini ya injini upande wa puli, nyuma ya plagi kubwa yenye mfuo wa bisibisi. Ukitoa plagi na springi, inatakiwa idondoke yenyewe. Ikigoma, ivute kwa kuikazia tapu (kifaa cha kukatia nyuzi za skrubu) ya milimita 10. Ikikwama ikiwa wazi, oili hurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) bila kupita kwenye kula (kipoza oili), inazidi kupata moto na kuwa nyepesi: dalili zako hasa. Lainisha mikwaruzo kwa msasa mwembamba wa maji. Injini za umri huo huwa na valvu ya pili ya aina hiyo upande wa flaiwili. Springi zake usizichanganye.

Kisha pampu, hata kama ni mpya. Toa gasketi, laza rula ya chuma juu ya gia, pima kwa fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi): nafasi isizidi milimita 0.1. Mfuniko wenye alama za gia usagwe juu ya kioo. Angalia pia gia ya kamshafti, shafti inayoendesha pampu. Yenye ribiti tatu na yenye ribiti nne hazitumii pampu moja, na maduka ya spea hayaulizi. Ukifungua chujio la sampu, sukuma kwa kidole bomba la kunyonyea; likicheza, pampu inavuta hewa. Ila hapo sindano ingerukaruka hata asubuhi, na yako hairuki.

Ndiyo maana tunaishuku zaidi kesi yenyewe, yaani ganda la injini linaloshika krenki. Ni ya aloi ya magnesiamu, ambayo hutanuka kuliko krenki ya chuma. Nafasi iliyokuwa sawa ikiwa baridi hupanuka ikipata moto, na oili inamwagika pembeni mwa beringi kabla ya kupanda presha. Beringi ya meini (zile zinazoshika krenki ndani ya kesi) namba 2, ya katikati, ndiyo hugonga kitako chake hadi kikapanuka. Mafundi wengi huchonga krenki na kuiacha kesi bila kuipima.

Fungeni nusu mbili za kesi bila krenki wala beringi, nati kubwa zikazwe Nm 35, ndogo Nm 20, mpime matundu ya meini namba 1 hadi 3. Kawaida ni milimita 65.00 hadi 65.02, mwisho 65.03. Yakizidi, kesi ichongwe na mnunue beringi zilizoongezwa kwa nje, huku ndani zikibaki za 0.50. Soma namba kwenye boksi: vipimo ni viwili, cha nje na cha ndani. Nafasi ya beringi na krenki iwe milimita 0.04 hadi 0.10 kwa namba 1 na 3, na 0.03 hadi 0.09 kwa namba 2.

SWALI: Je, pampu kubwa ya milimita 30 haitamaliza kazi?

JIBU: Itapandisha sindano tu. Kesi iliyopanuka itaendelea kugongwa, na asubuhi, oili ikiwa nzito, presha inaweza kupasua sili za kula. Kwa sasa tumieni pampu ya milimita 26 na oili SAE 30, ili vipimo mtakavyochukua vilingane na vya kiwanda. Taa ikiwaka gari likiwa mwendoni, zima injini palepale.