Kosaini ya nyuzi 210, wakati jedwali linaishia 90

Majedwali ya hesabu ya tarakimu nne yanaishia nyuzi 90. Hapo ndipo wanafunzi wangu wa tuisheni wanapokwama: swali linataka kosaini ya nyuzi 210, jedwali limeisha, na pembetatu mraba waliyozoea haibebi pembe kubwa kiasi hicho. Wengi hukimbilia kukariri alama, chanya au hasi, za kila robo ya duara. Mimi nawaambia waache kwanza, wachore duara.

Kitovu kiwe pale mihimili ya x na y inapokatana, nusukipenyo kiwe 1. Ndilo duara kizio. Pembe huanzia upande wa kulia wa mhimili wa x na kuzunguka kinyume na mwendo wa saa. Inapogusa duara, x ndiyo kosaini, y ndiyo saini. Basi.

Usiniamini hivihivi. Chukua karatasi ya grafu, chora robo ya kwanza tu, sentimita 10 ziwakilishe 1. Bikari ya mkebe isipofika, uzi na penseli vinatosha. Pima nyuzi 40, weka nukta kwenye duara, kisha hesabu vyumba kutoka chini hadi kwenye nukta. Utapata kama sentimita 6.4. Fungua jedwali uone: 0.6428. Aliyejipimia mwenyewe ni nadra kuchanganya tena saini na kosaini.

Turudi kwenye 210. Umevuka 180 kwa nyuzi 30, kwa hiyo nukta iko kushoto, chini. Vipimo ni vilevile vya nyuzi 30, √3/2 na 1/2, ila kushoto ni hasi na chini ni hasi. Kosaini −√3/2, saini −1/2. Tanjenti ni y gawanya kwa x, hasi kwa hasi, unabaki na 1/√3. Nyuzi za ziada zipime kutoka mhimili wa x, kamwe si wa y. Wanaohesabu kutoka 270 wakapata 60 ndio wanaobadilishana saini na kosaini, halafu wanalalamika kwamba mtihani ulikuwa mgumu.

Hiyo √3/2 nayo si ya kukariri: gawa katikati pembetatu yenye pande zote 1, Pithagorasi atamaliza. Kwa nyuzi 45, x na y ni sawa.

Pembe ya nyuzi 1000 isikutishe. Toa 360 mara mbili, inabaki 280, yaani nyuzi 80 chini ya mhimili wa x. Saini yake ni −0.9848. Pembe hasi izungushe kufuata saa. −60 inaangukia palepale pa 300.

Wenye kikokotoo nao wasilitupe duara. Ukiuliza saini ya 30 kikajibu −0.988, jua kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe kisicho nyuzi, maana nyuzi 30 ziko juu ya mhimili na saini yake haiwezi kuwa hasi. Kikiandika kosa kwenye tanjenti ya nyuzi 90, usibadilishe betri: pale juu x ni 0.