Ukitaka kutembea na bia katikati ya mji wa Grand Rapids

Kila majira ya joto yakikaribia naulizwa swali lilelile: ni kweli hapa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, mtu anaruhusiwa kutembea na bia mtaani? Anayeuliza mara nyingi ni kijana aliyefika karibuni, Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na habari yenyewe kaipata kwa mwenzake kazini, nusunusu. Jibu ni ndiyo, anaruhusiwa. Ila ruhusa hiyo ina mipaka, na sisi wageni tukiivuka tunalipa zaidi ya anavyolipa mzaliwa wa hapa. Mimi nahudumia wateja kwenye mgahawa ulio ndani ya mojawapo ya maeneo yenye ruhusa hiyo, kwa hiyo nayaona mambo haya kwa macho yangu kila wikendi.

Sheria ni ya jimbo la Michigan. Ilipitishwa mwaka 2020, wakati wa korona, baa na migahawa ikiwa hoi kwa sababu watu hawakuruhusiwa kubanana ndani. Ikaipa miji mamlaka ya kutenga sehemu za wazi, zenye alama na saa zake, ambapo wateja wa baa zilizo jirani wanaweza kutoka na kinywaji wakanywea nje. Grand Rapids ikatenga maeneo yake mwaka huohuo. Kwenye mabango utaona yameandikwa "Refreshment Area", yaani eneo la viburudisho. Usipoliona bango, chukulia kwamba huruhusiwi.

Kitu cha kwanza kukielewa ni kikombe. Baa yenye kibali itakumiminia bia kwenye kikombe kisicho cha glasi, chenye nembo ya eneo pamoja na jina au nembo ya baa iliyokuuzia. Hakizidi aunsi 16, kama mililita 473 hivi, yaani pungufu kidogo ya chupa ya nusu lita tuliyoizoea Tanzania. Kopo ulilonunua dukani kwa bei nafuu halimo kwenye ruhusa hii, hata ukilimimina kwenye kikombe chenye nembo ulichobaki nacho tangu wiki iliyopita. Tena ukitaka kuhamia baa nyingine, maliza kwanza ulichonacho, kikombe ukitupe, ndipo uingie.

Cha pili ni mpaka, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Kwetu grosari ikijaa, mwenye nayo anatoa viti vya plastiki hadi ukingoni mwa barabara, na hakuna anayeuliza eneo linaishia wapi. Hapa upande mmoja wa barabara unaweza kuwa ndani, ukivuka tu uko nje. Jioni moja nilimkuta kaka mmoja amesimama kituo cha basi, bado na fulana ya kiwandani, kikombe mkononi kimebaki nusu. Bango la mwisho wa eneo lilikuwa nyuma yake, hatua chache tu. Nikamsalimia kwa Kiswahili, nikamwonyesha bango, nikamwonyesha na pipa la taka. Alishtuka kweli. Alidhani kikombe chenye nembo kinamlinda popote aendapo, na hakuna aliyekuwa amemwambia vingine.

Angekutana na polisi kabla yangu, pengine angeambiwa amwage tu, pengine angeandikiwa faini. Kwa Mmarekani ingekuwa ni hela imetoka, basi. Lakini siku unapojaza fomu N-400 ya kuomba uraia, unaulizwa kama umewahi kukamatwa au hata kuandikiwa kosa na polisi. Faini moja ya kunywa mahali pasiporuhusiwa haimaanishi utanyimwa uraia, msiogopane bure. Ila utapaswa kuitaja, na kuificha ni kosa kubwa kuliko faini yenyewe. Sheria ya uhamiaji inasema wazi kwamba mlevi wa kupindukia hahesabiki kuwa mtu mwenye mwenendo mwema, ambao ni sharti la kupata uraia, katika kipindi kinachoangaliwa, ambacho kwa wengi wetu ni miaka 5. Na tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa mwaka 2019, ukitiwa hatiani mara mbili kwa kuendesha gari umelewa ndani ya kipindi hicho, wanaanza kwa kukuhesabu kuwa huna mwenendo huo, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wako.

Ndiyo maana suala la gari silifanyii mzaha hata na rafiki. Michigan kikomo cha kilevi kwenye damu ni asilimia 0.08. Kikombe hakiingii garini kikiwa na kinywaji, na usijiambie kwamba wewe ni abiria tu, kwa sababu pombe iliyofunguliwa hairuhusiwi hata kwa abiria. Kujipumzisha kwenye kiti cha dereva injini ikiunguruma, eti mpaka pombe itoke, nako kunaweza kukuletea kesi. Panga usafiri wa kurudi kabla hujaagiza ya kwanza, maana baada ya hapo kila mtu hujiona yuko sawa.

Halafu kuna nguvu ya bia za hapa. Bia nyingi za nyumbani ziko kwenye asilimia 5 hivi. Mji huu una viwanda vingi vidogo vya bia, na kwenye orodha moja utakuta ya asilimia 4.7 na ya asilimia 12. Kipimo kimoja cha kawaida Marekani ni aunsi 12 za bia ya asilimia 5. Ukijaza kikombe cha aunsi 16 kwa bia ya asilimia 8.5, umekunywa zaidi ya vipimo viwili, nawe unahesabu kwamba umekunywa moja. Muulize mhudumu asilimia. Hakuna atakayekucheka, ni swali tunaloulizwa kila siku.

Beba kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa. Umri wa kuruhusiwa kunywa ni kuanzia miaka 21. Wakimbizi wengi waliandikishwa kuwa wamezaliwa tarehe 1 Januari, na mhudumu asiyejua hilo akikutana na marafiki watatu wenye tarehe hiyohiyo atavitazama vitambulisho mara mbili. Msikasirike, mwelezeni kwa upole.

Nayaunga mkono maeneo haya kwa moyo wote. Yameokoa ajira, yangu ikiwemo, na wakati wa maonyesho ya sanaa ya ArtPrize yanaujaza mji watu wa kila rangi, wanywaji na wasiokunywa. Lakini mji wenye familia nyingi kiasi hiki zinazozungumza Kiswahili ungeweza kuchapisha ramani ya maeneo hayo kwa Kiswahili na kuibandika vituo vya basi. Vyoo vya umma navyo viongezwe, maana huwezi kumuuzia mtu bia ya kutembea nayo usimpe pa kujisaidia.

Na kama umeshaandikiwa faini, usikimbilie kuilipa ili yaishe. Kuilipa kunaweza kuhesabiwa kuwa umekiri kosa. Onana kwanza na mwanasheria wa uhamiaji, hasa kama ombi lako la kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu) au uraia bado linashughulikiwa, na uende na karatasi yenyewe kwa sababu namba ya kifungu iliyoandikwa pale ndiyo atakayoitaka.