Anti, soksi itanisaidia nini na watoto 83?

Mwezi uliopita niliandika kidogo tu kwamba mi kazini natembea na vikaragosi kwenye mkoba, yaani midoli ya kuvaa mkononi na kuisemesha, basi meseji zimemiminika. Nimechagua maswali manne, wengine mtanivumilia, nafasi ndo hii.

Swali
Shikamoo Anti. Mi ni mwalimu wa darasa la awali, shule ya kijijini huku Kilosa, nina watoto 83 na niko peke yangu. Tulienda semina tukaambiwa tutumie vikaragosi kufundishia, wakatuonyesha vya kwao vizuri vya manyoya, tukapiga navyo picha afu wakaondoka navyo. Hela ya kununua sina, na mkuu wangu anasema watoto wameletwa kusoma sio kuangalia midoli. Hivi kweli soksi inaweza kumfundisha mtoto kusoma au ni mbwembwe tu?

Anti anajibu
Marahaba mwalimu wangu, na pole na hao 83, najua sauti ikifika Alhamisi inakuwa imekwisha.

Soksi haimfundishi mtoto. Mtoto ndo anaifundisha soksi, na wengi hapo ndo wanapokosea, wanamvalisha kikaragosi ualimu, anakuja mbele ya darasa anajua kila kitu, anauliza maswali, anasahihisha, sasa si amekuwa mwalimu wa pili? Watoto wanamwangalia siku mbili wanamchoka. Mfanye awe mdogo kuliko wao, asijue, aone aibu, akosee. Wa kwangu anaitwa Kombo, anasoma kila kitu kombo. Ubaoni imeandikwa kalamu yeye anasoma kamalu, mbili na mbili anasema tano na anasisitiza kabisa, na darasa zima linasimama kumrekebisha, hata yule wa nyuma ambaye tangu Januari hajanyoosha mkono, maana kwa mara ya kwanza kuna mtu humu ndani anayejua kidogo kuliko yeye.

Kutengeneza: chukua ile soksi ndefu ya shule iliyobaki moja. Ingiza mkono, vidole vinne juu, dole gumba chini, ile sehemu ya vidole isukume iingie ndani katikati, huo ndo mdomo. Kata boksi la biskuti umbo la yai, likunje katikati, libandike mle mdomoni kwa gundi usiwe unalegea. Macho ni vifungo viwili vya shati, vishone karibu karibu na karibu na mdomo, ukivitenganisha sana anakuwa kama hakuangalii, na mtoto akiona haangaliwi huyo hana habari naye tena. Nywele uzi wa kufumia, ama nyuzi za gunia. Saa moja umemaliza na hujatumia hata shilingi elfu moja.

Mdomo usiufungue kwa kuinua vidole vya juu, atakuwa anaongea na dari. Shusha dole gumba, kichwa kibaki palepale. Na hapa Kiswahili chetu kinatubeba sana, silabi zetu karibu zote zinaishia kwenye irabu kwa hiyo kila silabi mdomo unafunguka mara moja: ka-la-mu, mara tatu. Ukisema mtoto, mdomo unaanza umefungwa kwenye m afu unafunguka mara mbili, na watoto wanaliona hilo kwa macho kabla hujawafundisha neno silabi ni nini. Mi nimewaona wanahesabu kwa vidole midomo ya Kombo bila kuambiwa na mtu.

Kwa darasa kubwa kama lako usijichoshe na sauti ya kuigiza, huko nyuma hawataisikia. Kombo akunong'oneze sikioni, tikisa kichwa kama unasikiliza kweli, afu wewe ndo utangaze, "Jamani Kombo anasema hii herufi inamchanganya, anaona aibu kusema, nani atamsaidia?" Dakika tano, sio kipindi kizima, akimaliza analala ndani ya boksi lake na boksi halichezewi. Na usimpe kazi ya kuchapa wala kufoka, siku Kombo akimfokea mtoto mmoja umewapoteza wote.

Mkuu wako mkumbushe kwamba Kilimani Sesame, kipindi cha watoto chenye vikaragosi, ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa hapahapa Tanzania, kwa Kiswahili, na vikaragosi wake walikuwa wakiwafundisha mambo ya malaria na kulala kwenye neti. Afrika Kusini mwaka 2002 kipindi cha Takalani Sesame kilimleta kikaragosi Kami, kibinti cha miaka mitano, yatima, anaishi na VVU, na watoto wakaona kwamba unaweza kumkumbatia na kucheza naye. Na majirani zetu Kenya kwenye miaka ya 90 walikuwa na CHAPS, kikundi cha kuelimisha jamii kuhusu afya, wanaonyesha vikaragosi hadharani wakiongelea UKIMWI, maneno ambayo kijana mwenyewe angeyasema mbele ya wakwe na wazee angeonekana hana adabu. Kikaragosi akiyasema yalisikilizwa.

Swali
Anti, mimi niko Mombasa. Mwanangu wa kike ana miaka sita, nyumbani anaongea vizuri na hata kuimba anaimba, lakini tangu babake afariki mwaka jana akifika skuli hatoi neno. Walimu wamemshinda. Wamejaribu zawadi, wamejaribu kumfokea, wapi. Jirani yangu kaniambia nimnunulie kikaragosi ndio dawa. Nifanye?

Anti anajibu
Pole sana mama kwa msiba, pole mara mbili maana unabeba wako na wa mtoto.

Kwanza, mtoto anayeongea nyumbani na kunyamaza shuleni mwezi baada ya mwezi sio jeuri wala kiburi, koo linamfunga kweli kwa hofu, na kila anapolazimishwa linazidi kukaza. Kwa hiyo kabla ya kikaragosi waombe walimu waache kabisa kumwambia "sema" mbele ya wenzake, na zile zawadi za "ukiongea nakupa" waziache pia, zinamtisha vilevile. Pili mpeleke kwa mtu wa saikolojia ya watoto au anza na daktari wa watoto akuelekeze, kikaragosi kinaweza kuwa sehemu ya tiba ila kusema ndo dawa, hapana, jirani amependa kukusaidia ila amekiongezea uzito.

Ila kinasaidia kweli, ngoja nikwambie nilichokiona. Nilikuwa wadi ya watoto, kuna kijana wa miaka saba amekaa siku nyingi hasemi na nesi wala daktari, anaangalia ukuta. Sikumsemesha. Nikakaa kitanda cha pili nikamvaa kuku wangu wa kitambaa chekundu, nikaanza kuongea na kuku, nikamuuliza kuku mbona leo hutagi, kuku akageuka ukutani. Hivyo tu, nikaondoka. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya tatu nikamwacha kuku miguuni kwa yule kijana nikaenda kuongea na mama wa kitanda kingine, na nilipogeuka kuku yuko mkononi mwake, anamfungua mdomo na kumfunga, pole pole, bila sauti. Siku ya tano kuku akasema "anaogopa sindano". Hakusema naogopa, alisema anaogopa, kuku ndo anaogopa. Na mi nikamjibu kuku, macho yangu kwa kuku, sikumwangalia yeye hata kidogo, tukaleta sindano ya plastiki isiyo na ncha tukamchoma kuku kwanza, akapiga kelele, tukampulizia, akapona.

Umeona hapo mama, ukimgeukia mtoto na kusema "aah kumbe unaogopa sindano!" umemvua nguo. Ongea na kikaragosi mpaka mtoto mwenyewe aamue kukiweka chini.

Na hili sio jambo la juzi. New York miaka ya 1930, hospitali ya Bellevue, Dk. Lauretta Bender na Adolf Woltmann walikuwa wanawachezea watoto wa wadi vikaragosi, watoto wakawa wanapiga kelele kumwambia mhusika afanye nini, na kwenye zile kelele wao wakawa wanasikiliza huyu ana hasira na nani na yule anaogopa nini.

Wewe nyumbani anza hivi. Mtengenezeni kikaragosi wote wawili, mtoto achague mwenyewe ni mnyama au mtu, jina ampe yeye. Usimlazimishe awe baba. Akimfanya baba, sawa, cheza naye na ukilia lia, akimfanya samaki, basi ni samaki. Afu mwombe mwalimu mmoja tu, yule anayempenda zaidi, akubali wabaki darasani watatu wenzao wakishatoka, mtoto, mwalimu na huyo samaki. Samaki akinong'ona neno moja sikioni kwa mwalimu siku hiyo imetosha, msimshangilie, msipige makofi. Mwalimu ajibu kama anavyojibu watu siku zote.

Na ngoja nikupe kosa langu mwenyewe usilirudie. Siku moja nilikuwa na haraka, nikamvua kikaragosi mbele ya mtoto nikamtupa kwenye mkoba nikafunga zipu. Yule mtoto alilia mpaka akatapika, kwake nilikuwa nimemfungia rafiki yake gizani. Ilinichukua wiki tatu kurudi tulipokuwa. Kikaragosi anaaga, anapiga miayo, analazwa kwenye khanga, uso wake uko wazi, ndo unaondoka.

Swali
Habari Anti, najitolea na watoto huku Kigoma. Kuna mtoto tunahisi kuna mtu mzima anamfanyia vitu vibaya. Anakataa kusema. Nilitaka nitumie kikaragosi kimuulize taratibu mpaka amtaje. Nisaidie maswali mazuri ya kuuliza.

Anti anajibu
Usiulize hata moja, mdogo wangu. Nakwambia kwa upendo na kwa ukali.

Najua unataka kumwokoa. Ila mtoto akishika kikaragosi yuko kwenye mchezo, na kwenye mchezo jana na kesho na uongo na ukweli vinachanganyika, ukimuuliza mara nne nne atakupa jibu analodhani unalitaka, afu siku ya siku kesi ikifika mahakamani wakili anauliza hili neno mtoto alilitoa wapi, na jibu linakuwa kwenye soksi yako. Aliyemuumiza anatoka anatembea. Na pia kumtega mtoto kwa kitu alichokiamini ni kumuumiza mara ya pili.

Piga 116, ni namba ya kusaidia watoto, bure, Tanzania ipo na Kenya ipo. Au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au ofisa ustawi wa jamii. Leo, sio kesho. Andika ulichokiona wewe kwa macho na tarehe. Mtoto akianza kusema mwenyewe, kwa kikaragosi au bila, sikiliza, mwambie umemwamini na sio kosa lake, usimwahidi kwamba utaficha, andika maneno yake vilevile alivyoyatamka bila kuyanyoosha. Kikaragosi kibaki na kazi yake ya kucheza naye, atakihitaji sana baadaye.

Swali
Assalaam alaykum Anti. Mimi ni ustadhi wa madrasa Tanga, makala yako nimeipenda, watoto wangu wadogo wanasinzia sana jioni. Ila baadhi ya wazazi wananiambia vikaragosi ni masanamu, haifai. Nami sitaki fitina kwenye chuo changu.

Anti anajibu
Waalaykum salaam ustadhi. Fatwa sitoi, hiyo ni kazi yenu na masheikh zako. Wengi hutaja ile hadithi ya Bibi Aisha alivyokuwa akicheza na wanasesere wake, na wengine wana msimamo wao, we unawajua wazazi wako kuliko mimi. Wasiporidhika acha, usigombane nao kwa ajili ya soksi.

Ila neno lenyewe kikaragosi limetoka kwa Karagöz wa Kituruki, mchezo wa vivuli nyuma ya pazia lenye taa, na huko walikuwa wakiuchezesha hasa usiku wa mwezi wa Ramadhani, watu wametoka kwenye tarawehe. Kwa hiyo jaribu kivuli, hakina uso wala macho. Tandika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, washa tochi ya simu nyuma yake kama hatua mbili, mikono yako iwe katikati karibu na shuka, ukisogeza mkono kwenye tochi kivuli kinakuwa kikubwa. Vidole viwili ni masikio ya sungura, viganja viwili vikipishana ni ndege, ngumi yenye kidole kilichojikunja ni konokono. Mwache konokono akosee kuhesabu mpaka kumi, wahid, ithnayn, afu arukie khamsa. Waanze wale wanaosinzia ndo wamrekebishe, na wakizoea wape shuka wenyewe, wewe kaa mbele pamoja na wadogo.